Apu ipi tutumie kugawana bili bila kununiana?

SWALI

Shikamoo dada. Sisi ni wasichana wanne tumepanga nyumba moja Sinza, huu mwaka wa pili sasa. Mmoja yuko benki, mmoja anauza mitumba mtandaoni, mmoja bado yuko chuo na mimi niko duka la dawa. Kodi haitusumbui maana kila mtu anampa mwenye nyumba ya kwake, ugomvi unaanzia kwenye hivi vitu vya kila siku, LUKU, gesi, maji, intaneti na chakula. Tunaandikiana kwenye grupu la WhatsApp "jamani nimenunua umeme" afu meseji inazama chini ya mastika na vichekesho, mwisho wa mwezi kila mtu anakumbuka alichotoa yeye tu. Mwezi uliopita mwanafunzi wetu alienda kwao nusu ya mwezi, karudi kaambiwa alipe sawa na sisi tuliokuwepo, kanuna mpaka leo anapika chake peke yake. Nimesikia kuna apu za kugawana gharama, nimeingia Play Store nimekuta zimejaa mpaka nimechoka. Tuchukue ipi? Simu ya wa mitumba ni ya zamani na imejaa picha za nguo, na mwanafunzi siku nyingi hana bando.

Mchoka Kukumbusha, Sinza, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Mimi naanzia pale ulipomalizia, kwenye simu iliyojaa na mtu asiye na bando, maana hapo ndo pa kuchagulia. Watu wengi wanachagua apu kwa kuangalia yule mwenye simu nzuri kuliko wote, anaisifia kwenye grupu, wenzake wanapakua siku hiyo, wiki ya pili anaandika yeye peke yake na ya tatu mmerudi kwenye kukumbushana. Mchagulie yule mwenye simu mbovu. Yeye akiweza kuandika "nimenunua maji ya elfu ishirini" ndani ya nusu dakika akiwa amesimama na ndoo mlangoni, nyie wengine mtaweza tu.

Sasa nikwambie nilizozitumia mwenyewe na ninavyoziona.

Inayojulikana zaidi ni Splitwise, ya Marekani, ipo tangu 2011. Ni nzuri kwelikweli, unaweza kugawa sawa kwa sawa, kwa asilimia, kwa mafungu, au ukaandika kabisa huyu elfu kumi yule elfu nne. Tatizo lake kwa nyumba kama yenu ni kwamba ile ya bure siku hizi inakuwekea kikomo cha matumizi unayoweza kuingiza kwa siku, na nyumba ya watu wanne siku ya kwenda sokoni mnaweza kuwa na vitu sita vya kuandika, mkigonga kikomo mtu anasema "nitaingiza kesho" na mdogo wangu hiyo kesho unaijua. Ukitaka kikomo kiondoke unalipia. Kwa watu wanaosafiri pamoja mara moja kwa mwaka haina neno, kwa nyumba ya kila siku mimi nisingeianzia hiyo.

Tricount ni ya Ubelgiji, tangu 2022 iko chini ya bunq ambayo ni benki ya Uholanzi, na hii ni bure. Unafungua daftari la nyumba, unatuma linki kwenye grupu, mwenzako anaingia anachagua jina lake. Ina mambo machache kuliko Splitwise na kwa nyumba yenu uchache huo unafaa, kwa sababu mtu hapotei humo ndani.

Splid ndo ninayotaka muijaribu kwanza. Haidai mtu afungue akaunti, na unaandika hata kama huna bando, ukipata mtandao baadae inajioanisha na za wenzako. Mwisho wa mwezi inakutolea ripoti unaweza kuituma kwenye grupu kama PDF, kwa hiyo hata anayekataa kuifungua anaona jina lake na hesabu yake. Kwa mwanafunzi wenu asiye na bando hii ndo yenyewe.

Ya mwisho ni Spliit, hii hata kupakua hupakui, unafungua kwenye kivinjari kama unavyofungua tovuti yoyote, hamna akaunti, mnapeana linki tu. Huyo wa mitumba mwenye simu iliyojaa ataipenda. Ila inataka intaneti muda huo unaoandika, na yeyote mwenye hiyo linki anaweza kuingia akabadilisha, kwa hiyo linki ibaki kwenu wanne, isifike kwenye grupu la ukoo.

Kitu kimoja ukijue mapema usije ukasema dada alinidanganya. Hizi apu hazitumi hela yenu. Kwa wenzetu Marekani Splitwise imeunganishwa na Venmo na PayPal mtu anabonyeza analipa humohumo, kwetu sisi hakuna hiyo, hela mtatumiana kwa M-Pesa au Mixx by Yas au Airtel Money kama kawaida afu aliyetuma anaingia kwenye apu anaandika kwamba kalipa. Kwa hiyo kazi ya apu ni kushika daftari na kukata mahesabu, na hilo la kukata mahesabu ndo linalonifanya nizipende, ngoja nikuoneshe kwa nyumba yenu.

Tuseme mwezi huu wewe umenunua LUKU ya 40,000 na mtungi wa gesi wa 60,000. Wa benki kalipia intaneti 60,000 na chakula 140,000. Wa mitumba kalipa maji 20,000. Mwanafunzi hajatoa kitu. Jumla ni 320,000, kila mtu 80,000. Mkilipana kwa mtindo wa kila mtu kumlipa kila anayemdai, hata mkikatana wawiliwawili, mnatumiana mara sita: wewe unampa wa benki 25,000, wa mitumba anakupa wewe 20,000, anampa wa benki 45,000, mwanafunzi anakupa wewe 25,000, anampa wa benki 50,000 na anampa wa mitumba 5,000. Mara sita, na kila mara kuna makato. Apu inaangalia nani kazidisha na nani kapungukiwa basi. Wewe umezidisha 20,000, wa benki 120,000, wa mitumba kapungukiwa 60,000 na mwanafunzi 80,000. Inakwambia mwanafunzi ampe wa benki 80,000, wa mitumba ampe wa benki 40,000 na akupe wewe 20,000. Mara tatu, mmemaliza, na hela ya makato ya mara tatu mmeinunulia nyanya. Kwenye Splitwise kuna sehemu unaiwasha kwenye mipangilio ya grupu, hizo nyingine zinafanya zenyewe ukifika kwenye ukurasa wa madeni.

Waelezeni wenzenu hili kabla, kwa sababu nimeshaona mtu anakasirika, "mbona naambiwa nimlipe fulani wakati fulani sikukopa kwake?" Hukukopa kwake, ila uliyekopa kwake naye anadaiwa na huyo fulani, apu imeruka katikati.

Tuje kwa mwanafunzi maana huyo ndo ameniuma. Kumwambia alipe sawa chakula ambacho hakula sio haki, na kumwambia asilipe kitu kabisa kwa nusu mwezi nayo si haki kwa sababu intaneti ililipiwa ya mwezi mzima na chumba chake kipo. Gesi, maji na umeme mnaweza kubishana, mimi nazigawa sawa kwa sababu kupima nani kaoga mara ngapi ni kutafuta vita. Chakula kigaweni kwa siku. Nyie watatu siku 30 kila mmoja, yeye 15, jumla siku 105. Chakula cha 140,000 kinawaangukia nyie 40,000 kila mmoja na yeye 20,000. Kwenye apu unachagua kugawa kwa mafungu, nyie mafungu mawili mawili, yeye fungu moja, yenyewe inamaliza. Hizo 180,000 zilizobaki kila mtu 45,000. Kwa hiyo yeye anadaiwa 65,000 badala ya 80,000, na nyie kila mmoja anabeba 85,000. Tofauti ya elfu kumi na tano ndo imewafanya mpike masufuria mawili. Mrudishieni hata kama mwezi umepita, aingizwe kwenye apu kama mtu anayewadai, ataona mmemuwazia.

Na LUKU nayo ina kitu chake. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi, na inamkata yule anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Kwa hiyo mmoja wenu kila mwezi ananunua umeme wa elfu kumi anapata uniti kidogo, wenzake wanamuuliza mbona uniti zimekuwa chache, anaonekana kama kaiba. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba. Kwenye apu iandikeni peke yake kama matumizi yenye jina lake, mwisho wa miezi kadhaa mnampelekea mwenye nyumba hesabu ikiwa imeandikwa tarehe zote mnaomba aikate kwenye kodi ya pango, mtaongea vizuri zaidi kuliko kwenda na maneno matupu.

Kabla hamjapakua chochote naomba mwangalie apu inaomba ruhusa gani. Apu ya kugawana bili haina kazi na meseji zako. Ikiomba kusoma SMS zako ujue inataka kuona miamala yako, ifute. Ikiomba namba zote ulizohifadhi unaweza kukataa na ukaendelea kuitumia kwa kuandika majina mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja apu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na wengi wetu tunamjua mtu ambaye bosi wake na mama mkwe wake walitumiwa meseji kwamba anadaiwa, kwa sababu siku ya kwanza alibonyeza "ruhusu" bila kusoma. Hizo huwa zinajificha kwenye majina mazuri ya pesa na marafiki. Na PIN yako ya simu ya pesa hakuna apu ya kugawana bili inayoihitaji, hata moja.

Mimi nilikaa geto na wenzangu watatu miaka ya nyuma tukitumia daftari lililofungwa kamba jikoni, lilitusaidia sana mpaka siku lilipolowa mafuta ya taa, madeni ya miezi miwili yakafutika na urafiki mmoja ukaenda nayo. Nikikumbuka hilo ndo maana nakwambia hata mkichagua apu gani, kila mwisho wa mwezi mtoe ile ripoti muitume kwenye grupu, simu inaibiwa kama daftari linavyolowa.

Fanyeni hivi, wiki hii kaeni wote wanne kitandani, pakueni Splid, wa mitumba na mwanafunzi ndo waanze kuandika, nyie mkae kimya muangalie. Wakikwama nendeni Spliit. Kubalianeni tarehe moja ya kulipana, tarehe mbili au tatu baada ya mishahara, na kiasi ambacho chini yake hakiandikwi, mfano chini ya buku mbili, maana mkianza kuandikiana chumvi na kiberiti mtachoka kabla mwezi haujaisha.

SWALI

Habari yako dada. Mimi niko Nairobi, tuko marafiki sita, kila mwisho wa mwezi tunaenda kula nyama choma. Mimi ndiye hulipa bili yote kwa till, ile namba ya M-Pesa ya hoteli, halafu wao wananitumia kwa M-Pesa. Shida ni mbili. Kuna mmoja kila mara ni "nitakutumia kesho" na sipendi kumfuata fuata. Pili, wawili kati yetu hawanywi pombe na wanaona wanalipia bia za wengine. Nikiwaletea apu nitaonekana mchoyo?

Mlipaji wa Kila Mara, Nairobi

JIBU

Salama ndugu yangu. Hutaonekana mchoyo ukiileta kama njia ya kupumzisha mfuko wako na wao waone wanapumzika pia. Wewe kulipa kila mara ndiyo shida yenyewe, kuwalipia wote kila mwezi kunakufanya uwe mdai hata kama hutaki.

Zungusheni mlipaji. Mko sita, mwezi huu wewe, mwezi ujao mwingine, hata huyo wa "kesho" zamu yake ikifika analipa meza nzima. Tuseme bili ni 4,800, kila mtu 800. Kwa sasa watu watano wanakutumia 800 kila mmoja, na kutuma kati ya 501 na 1,000 Safaricom wanakata shilingi 13, hiyo ni 65 kila mwezi inapotea hewani. Ukilipa kwa till mteja hakatwi kitu. Kwa hiyo mkizunguka miezi sita bila kutumiana, kila mtu amelipa meza moja na amekula meza sita, kinachobaki ni tofauti tu ya bili iliyokuwa kubwa na iliyokuwa ndogo. Hizo tofauti apu inazishika, mnalipana mara moja baada ya miezi sita, na anayedaiwa 100 au chini yake anatuma bure kabisa.

Ya bia ni rahisi. Usiingize bili kama kitu kimoja. Ingiza mara mbili, nyama na ugali na soda kwa watu sita, bia kwa wale wanne. Kwenye apu unaondoa alama mbele ya jina la asiyehusika, sekunde kumi tu. Mwambie mhudumu mapema awaletee bili ikiwa imetenganishwa, mkisubiri mpaka saa tano usiku kila mtu ameshashiba hakuna atakayehesabu chupa. Kwenu ninyi Splitwise ya bure inatosha kwa sababu mnaandika vitu viwili tu, siku moja kwa mwezi, kikomo chake hamtakigusa.

Na huyo wa kesho, kabla zamu yake haijafika muulize pembeni kama anaweza. Kuna mtu husema kesho kwa sababu hana, na anaona haya kusema mbele ya watano. Kama hana, mahali pa kukutania pabadilisheni mwezi huo, mkutane kwa mtu nyumbani mchome wenyewe.

SWALI

Assalamu alaykum dada. Sie ni watu wa Unguja, tuko Muscat watatu, na mwenzetu wa nne yuko nyumbani. Sote wanne tuna biashara ndogo ya kukodisha mapambo ya harusi huko Unguja. Yeye anatumia shilingi, sie tunatuma riali. Kila tukipiga hesabu haziwiani. Apu gani itatupatanisha?

Riali na Shilingi, Muscat

JIBU

Waalaykumu salaam wadogo zangu. Hapa kosa liko kwenye bei mnayotumia kubadilisha, apu yoyote mtakayoweka italirithi. Mmoja wenu anahesabu kwa bei aliyoiona Google, mwingine kwa bei ya duka la kubadilisha fedha, na wa Unguja anahesabu zilizomfikia mkononi baada ya makato. Hizo ni bei tatu kwa riali moja.

Daftari la biashara liwe la shilingi peke yake. Ukituma riali, unachoandikiwa ni shilingi zilizomfikia mwenzenu, akupe skrinishoti ya meseji ya kupokea ndiyo iandikwe. Makato ya kutuma yaandikwe mbali kama gharama ya biashara, mgawane wanne, maana bila hivyo anayetuma mara nyingi ndiye anayeumia. Riali ya Oman imefungwa na dola kwa kiwango kilekile tangu 1986 kwa hiyo upande wenu hauchezi, kinachocheza ni shilingi dhidi ya dola, ndiyo maana hesabu ya Ramadhani haifanani na ya Maulidi.

Gharama za fleti yenu ya Muscat zifungulieni daftari jingine la riali na mwenzenu wa Unguja asiwemo. Riali moja ni baisa 1,000, ina tarakimu tatu baada ya nukta, kwa hiyo kabla ya kuanza ingizeni 1.255 muone apu inaibakisha hivyo au inaikata ikawa 1.26. Ikiikata, tafuteni nyingine. Splid inakubali sarafu nyingi kwenye daftari moja, Splitwise nayo inaandika sarafu tofauti ila kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine kuko kwenye ile ya kulipia.

Anayeandika matumizi ya mapambo awe yule wa Unguja mwenyewe, siku hiyohiyo, na picha ya risiti. Yeye ndiye anayebeba viti na kuzunguka na vitambaa juani, na nyinyi mkiwa mnamuandikia kutoka Muscat atajiona kibarua wenu wakati ni mshirika.